Zima Hiyo Dry, Mwanangu, Hapa Ni Singida

Oya, njoo hapa. Shika rimoti. Angalia kioo chake vizuri. Unaona alama ya tone la maji? Hiyo ndiyo Dry. Na leo ni Oktoba. Na hapa ni Singida. Halafu unashangaa kwa nini unaamka midomo imepasuka, pua inachoma, koo limekauka na demu wako anakwepa denda.

Zima. Sasa hivi. Halafu kaa hapo tuongee.

Kitaa kimebadilika, hilo kila mtu analiona. Zamani AC ilikuwa ya benki, ya lodge na ya ofisi ya bosi. Sasa pita Mandewa, pita Utemini, kata na Majengo, unakuta yale maboksi meupe yamening'inia mpaka kwenye mageto ya chumba kimoja. Dada wa saluni kavuta chuma. Mchizi wa boda kapiga maokoto ya msimu wa alizeti, na yeye kavuta. Freshi kabisa, bata ni haki ya kila mtu. Ishu ni moja tu: watu wananunua mashine Kariakoo, wanapanda nayo basi, wanashuka nayo Misuna, na kwenye begi wamebeba setingi za Dar. Binamu wa Dar kasema weka Dry, feni ndogo, lala. Basi mwana anaweka Dry, feni ndogo, analala. Asubuhi anatafuta mafuta ya mgando.

Binamu wa Dar anaishi kwenye mvuke, mwanangu. Shati likianikwa asubuhi, jioni bado lina ubichi. Wewe unaishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, katikati ya nchi, sehemu ambayo mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 mpaka 800, na karibu yote inamwagika kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki anga limekauka kama chapati ya juzi. Hewa yako na hewa yake hazijawahi kukutana. Kwa hiyo AC ya Singida inasetiwa kwa hewa ya Singida, na mimi leo siachii rimoti mpaka hilo likuingie.

Kwanza ujue hii mashine ilitoka wapi. AC haikuzaliwa kuua joto. Ilizaliwa kuua unyevu. Mwaka 1902, Brooklyn, New York, kulikuwa na kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms. Unyevu ulikuwa unavimbisha karatasi, rangi moja inakaa hapa, nyingine inaruka pembeni, kazi yote inakuwa takataka. Akapewa ishu injinia mmoja mdogo, Willis Carrier. Akachora mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili maji yadondoke na hewa itoke kavu. Alikuwa na miaka 25. Rika letu kabisa, wanangu. Wazee wa kiwanda walikuwa wameshindwa, dogo kamaliza.

Mashine yako ya geto inafanya mchezo uleule. Ndani ya boksi la ukutani kuna koili ya baridi. Feni inavuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye koili, inairudisha kwako. Hewa yenye mvuke ikigusa ile baridi, mvuke unageuka maji, yanatiririka kwenye sinia yake na kutoka nje kwa kile kibomba. Kwa hiyo koili moja, kazi mbili: inashusha joto na inakamua maji. Na anayeamua nguvu iende wapi zaidi ni feni. Hapa ndipo wengi wanazingua, maana wanaona kitufe cha feni ni cha kelele tu.

Sikia. Feni ikienda polepole, hewa inachelewa kwenye koili, koili inazidi kuganda kwa baridi, maji yanakamuliwa kinoma. Feni ikikimbia, koili inabaki na baridi ya wastani, maji yanayotoka yanapungua, ila joto linaondoka kwa wingi. Sasa Dry ni nini? Ni AC ileile, koili ileile, ila feni imefungiwa chini na kompresa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mashine nyingi ukiwa kwenye Dry, bonyeza kitufe cha feni mpaka kidole kiume, haisikii. Imeambiwa ikamue, na inakamua.

Hewa ya Septemba ya Singida unaikamua nini?

Unabisha? Poa, toka nje na ndoo. Iweke chini ya kile kibomba. Kiangazi, ukiwa kwenye Cool na feni juu, utarudi jioni ukute matone ya kuhesabu, au ndoo kavu kabisa. Nenda ukafanye hivyo Dar, au Unguja kwa mashemeji, uone ndoo inavyojaa. Bomba lako halidondoshi kwa sababu hakuna cha kudondosha. Hiyo tu ingetosha kukufanya uisahau Dry mpaka mvua.

Kama wewe ni mtu wa ushahidi, kuna kidude kinaitwa haigromita, kinapima unyevu wa hewa kwa asilimia. Usihangaike kukitafuta mbali. Sisi ni mkoa wa kuku wa kienyeji, na kila mshkaji mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga anacho, maana yai likikosa unyevu kifaranga hatoki. Mwazime siku moja, kiweke geto mbali na AC, ukipe muda kitulie. Kikisoma chini ya 40, Dry ni marufuku. Kati ya 40 na 60, unyama mwingi, usiguse kitu. Ikipita 60, hapo tone la maji lina kazi, na nitalifikia.

Sasa feni yenyewe. Mafundi wa AC wana hesabu moja ya tangu enzi: kwa kila BTU 12,000, feni ipitishe futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika, yaani mita za ujazo 680 hivi kwa saa. Sehemu zenye unyevu wanaishusha mpaka 350, mashine ikamue zaidi. Sehemu kavu wanaipandisha 450 na kuendelea, mashine ipoze zaidi na iachane na kile kiunyevu kidogo kilichobaki. Singida ya kiangazi ni timu 450, haina mjadala.

Na kuna kitu binamu wa Dar hakijui hata kidogo. Huku juu hewa ni nyepesi. Kwenye mita 1,500, ujazo uleule wa hewa una uzito pungufu kwa karibu asilimia 14 kuliko kule ufukweni. Feni inazunguka vilevile, ila inabeba mzigo mdogo. Maana yake feni ya kati ya Kinondoni ukiileta Mughanga imeshaanza kuchoka. Kwa hiyo unaipandisha. Hewa kavu inataka feni kubwa, mwinuko unataka feni kubwa, na wewe umeiweka ndogo kwa sababu mtu wa Dar kakwambia. Noma sana.

Kwa hiyo kiangazi, kuanzia Agosti hivi mpaka mvua zishike, unacheza namna hii. Modi ni Cool, ile ya theluji. Auto ya modi achana nayo, maana mashine nyingine ukiiachia inajichagulia Dry kimyakimya na hata haikuagi. Joto weka 26. Ndiyo, 26, usinikunjie sura. Hewa ikiwa kavu, jasho linakauka haraka kwenye ngozi na mwili unapoa wenyewe, ndiyo maana 26 ya huku unaisikia freshi wakati 26 ya Dar mtu anajipepea. Feni High mchana, usiku shusha kati ili usikie usingizi. Kale kabawa ka mbele kaelekeze juu, kapige hewa kuelekea dari, maana hewa ya baridi ni nzito, itashuka yenyewe na kutandaa chumba kizima. Ukikaelekeza kitandani inakuchapa usoni usiku kucha. Na hapo turudi kwenye mafuta ya mgando.

Sasa tuongelee aibu. Aibu namba moja Singida nzima ni 16.

Unaingia geto la mtu, AC inasoma 16, yeye kajifunika blanketi la manyoya, kachungulia macho tu, anajiona yuko Ulaya. Ukimuuliza anasema anataka chumba kipoe haraka. Kompresa ya kawaida ina spidi moja, mwanangu. Inawaka au inazima. Ukiweka 16 au 26, dakika kumi za kwanza inasukuma baridi ileile. Tofauti ni kwamba ya 26 itafika na kupumzika, ya 16 haifiki, inakata tu umeme mpaka jogoo. Hata ya inverta, ambayo inajua kupunguza mwendo, ukiiwekea 16 unailazimisha ikimbie bila breki. Na muda wote inaokimbia, ile koili inaendelea kukamua kale kaunyevu kako ka mwisho. Umelipia kukauka.

Aibu nyingine ndogondogo: AC kwenye chumba chenye bati tupu juu bila silingbodi, jua la saa nane linashuka moja kwa moja, mashine inahema. AC na madirisha ya nako yasiyofunga vizuri, unapoza mtaa. AC imewashwa na mlango umeachwa wazi ili wapita njia wajue. Tumeshajua, mzee. Funga.

Halafu kuna wazee. Mungu awape maisha marefu, ila kwenye hili waache kabisa. Dingi akiona AC anasema kichomi. Zamani aliona feni, akasema kichomi. Soda ya baridi, kichomi. Kulala na dirisha wazi, kichomi. Kila kitu chenye raha kinaleta kichomi. Nimonia inaletwa na vijidudu, dingi, hailetwi na rimoti. Kinachoumiza pua na koo ni hewa iliyokaushwa kupita kiasi na filta ambayo haijaoshwa tangu inunuliwe, na hayo mawili yote yanatibika kwa vidole vyako mwenyewe. Lakini dingi haulizi filta. Dingi anauliza kwa nini hujaoa.

Mwingine ni yule babu wa tembe. Kila ukiwasha AC anaanza: sisi tulikaa kwenye tembe, kuta nene za udongo, paa la miti na udongo juu, mchana baridi, usiku joto, hatukulipa hata senti. Sawa babu, tembe ilikuwa na akili, ukuta mnene unalimeza jua la mchana na kulitema usiku. Ila mbona wewe mwenyewe umejenga bati? Kimya. Anabadilisha mada, anaulizia ng'ombe.

Twende kwenye hela, maana hapa ndipo ubishoo unapokufa. Bei za umeme zilizopangwa 2016 zinasema hivi: ukiwa D1, ile ya matumizi madogo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, 122 ukijumlisha. Ukivuka 75, zinazozidi ni 350 kabla ya kodi. Ukiwa T1, ile ya matumizi ya kawaida, ni 292, ukijumlisha kodi na tozo inakuwa 356. Elfu kumi, uniti 28. Hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaijua.

AC ya BTU 9,000 ya kompresa ya kawaida inakula wati 800 hadi 900 hivi ikiwa imewaka. Iache na 16 yako usiku mzima, saa nane bila kupumzika, ni karibu uniti 7. Kwa T1 ni shilingi 2,500 kwa usiku. Kwa mwezi 75,000. Hiyo ni kodi ya chumba, mwanangu! Na kama uko D1 unachekelea uniti za 122, kwa mwendo huo 75 zinaisha kabla hujamaliza wiki ya pili, na ukizoea hivyo wanakuhamishia T1 mazima. Nimeona mtu anamlilia fundi kwamba mita imeharibika. Mita ni nzima. Kilichoharibika ni 16.

Weka 26, kompresa ipumzike nusu ya muda, bili inashuka karibu nusu. Na feni? Hapa ndipo patamu. Feni ya ndani inakula wati 30 mpaka 40 tu. Ukiipiga High saa nane nzima, ni kama shilingi mia hivi. Yaani ile sehemu ya mashine inayokufaa zaidi kuliko zote huku kwetu ndiyo rahisi kuliko zote, na watu wanaibania.

Na kama bado unadunduliza, usijione mnyonge mbele ya wenye maboksi meupe. Kuna zile mashine za kupoza kwa maji, watu wanaziita tu air cooler, za magurudumu, unajaza maji, feni inavuta hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Mtu wa Dar atazicheka, na kwake yuko sahihi, maana hewa yake imeshashiba mvuke haiwezi kupokea mwingine. Huku kwetu Oktoba hewa ina kiu ya ajabu, maji yanageuka mvuke fasta na yakigeuka yanaondoka na joto. Inapoza, na hapohapo inakurudishia unyevu ule AC inaokunyima. Umeme wake ni wa feni na pampu ndogo. Sharti lake acha dirisha wazi kidogo hewa ipite, na mvua zikianza ipumzishe. Tena jaza maji ya bomba. Usije ukachota ziwa Singidani au Kindai kisa ni karibu, yale maji yana chumvi, kitambaa kitageuka jiwe.

Na kitu cha bure kabisa: usiku. Mwinuko na ukavu vinafanya joto la mchana litoroke haraka jua likizama. Saa mbili usiku hewa ya nje mara nyingi ni tamu kuliko ya ndani. Zima chuma, fungua madirisha ya pande mbili, weka feni ya kusimama ikivuta. Nyavu ziwe nzima lakini, mbu hawana msimu wa heshima.

Haya, mvua imekuja. Kifuku. Novemba mpaka Aprili, sio kila siku, ila kuna zile siku imenyesha mchana, jioni jua limetoka, hewa inanata, taulo lina harufu, kiatu cha ngozi kimeota ukungu kabatini. Sasa chukua rimoti. Bonyeza tone la maji. Leo ni siku yake. Funga madirisha, weka 24 au 25, iache saa moja au mbili, sikiliza kibomba cha nje kinavyotiririka. Hewa ikishakuwa nyepesi rudi Cool, ila safari hii feni usiipige High. Weka Auto ya feni au Low. Sheria imegeuka kwa sababu hewa imegeuka.

Na kifuku usiruhusu feni iendelee kupuliza kwa nguvu huku kompresa imezima. Koili imelowa wakati huo. Feni ikipita juu yake inayanyanyua yale maji na kukurudishia chumbani, yaani umeyalipia kutoka na umeyalipia kurudi. Ila ukishazima kabisa, kama rimoti yako ina kitufe cha kukausha, wengine wameandika X-Fan, wengine Blow, kiwashe. Kinapuliza dakika chache koili ikauke. Unyevu kidogo utarudi, sawa, lakini bora huo kuliko koili iliyolala na maji mpaka ioteshe ukungu, halafu ukiwasha kesho geto zima linanuka soksi na mgeni anaangalia miguu yako.

Kuna siku moja ya kiangazi nakuruhusu Dry. Singida Black Stars wanacheza na Yanga, umeme upo, masela nane wamejazana geto na sufuria la wali liko kwenye jiko la umeme. Mtu mmoja akiwa amekaa tu anatoa gramu 40 mpaka 50 za maji kwa saa, kwa pumzi na jasho. Nane kwa saa mbili ni zaidi ya nusu lita hewani, bado mvuke wa wali, bado kelele za goli. Hapo kamua. Wakiondoka, rudisha.

Sasa kipupwe, na hapa ndipo Singida inawaacha wote. Juni na Julai, usiku, joto linashuka mpaka digrii kumi na kidogo, upepo unapenya kila tundu. Watu wanafunika AC kwa shuka wanasubiri Septemba. Wanangu! Angalia rimoti tena. Kuna alama ya jua? Hiyo ni Heat. Mashine inageuka: koili ya nje inakusanya joto kutoka kwenye hewa ya nje, hata hiyo unayoiona ya baridi, inalisukuma ndani. Kwa kila uniti moja ya umeme inakupa joto la uniti tatu au zaidi. Hita ya waya ya wati 2,000 ukiiwasha saa nne ni uniti 8, shilingi 2,850. Joto hilohilo kwa Heat halifiki uniti 3, kama 950 hivi. Binamu wa Dar anaweza kumiliki hii mashine maisha yake yote na asiwahi kubonyeza jua.

Setingi yake ni kinyume cha kiangazi. Kabawa chini, kaelekee sakafuni, maana hewa ya moto inapanda. Weka 21, feni Auto. Ukiwasha, dakika mbili tatu za kwanza haipulizi. Usianze kuipiga makofi, inasubiri koili ipate moto isije ikakumwagia baridi. Na kwa kuwa kipupwe nacho ni kikavu na ukipasha hewa inazidi kukauka, anika taulo bichi au hata nguo ulizofua mlemle chumbani. Zinakauka, na wewe hukauki.

Ila kabla hujavimba, hakikisha mashine yako ina hiyo kazi. AC nyingi zinazouzwa kwetu ni za kupoza tu, na rimoti inaweza kuwa na alama ya jua kwa sababu rimoti ni moja kwa aina zote. Soma kile kibati cha pembeni ya mashine. Kama kimeandika uwezo wa kupasha mbali na uwezo wa kupoza, unayo. Kama hakijaandika, muuzaji asikuimbishe.

Na wakati tuko kwenye baridi, kuna ushauri mmoja wa wakubwa sitaki kuucheka, nataka uukatae: jiko la mkaa ndani usiku, mlango umefungwa. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Bora ulale na makoti matatu.

Yote haya yanakufa filta ikiwa chafu. Vumbi letu la Agosti unalijua, likipanda na upepo linaingia mpaka kwenye friji. Filta ikiziba, High yako inakuwa Low bila wewe kujua, koili inakosa hewa, inashika barafu, unaita fundi anakuuzia gesi ambayo hukuihitaji. Kiangazi ioshe kila wiki mbili, maji tu, ikauke kivulini, irudi. Na boksi la nje usilielekeze uso kwenye upepo wa mashariki. Upepo wa Singida ndio huu ambao kwa miaka watu wamekuwa wakipanga kuuvunia umeme kwa mitambo, sasa unataka kifeni chako kishindane nao? Kiweke upande uliojikinga, usikibane na ukuta, kipate pumzi.

Fundi akija kufunga, simama naye. Mabomba ayanyonye hewa kwa pampu ya vakyumu kabla ya kufungulia gesi, sio kupuliza gesi kidogo na kusema tayari. Kibomba cha maji kiwe na mteremko. Kinga ya umeme ya kuchelewesha dakika tatu iwepo, maana umeme wetu ukikatika na kurudi papo hapo unaua kompresa. Halafu kabla hujatoa hela, mwambie aweke Cool, feni High, asubiri robo saa, apime joto la hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ikicheza digrii 8 mpaka 12, kazi iko freshi. Akikwambia amezoea kupima kwa mkono, mpe soda ya baridi, mwambie akaazime kipimajoto, maokoto yake atayakuta hapohapo akirudi nacho.